Upishi wa Keki ya Matofaa

Ukiingia katika Soko la Mji la Nairobi, kando ya barabara ya Muindi Mbingu, utayaona matofaa yamepangwa kwa safu, mengine mekundu, mengine ya kijani, na mengi yao yamesafiri kutoka Afrika Kusini. Ukimwuliza mwuza matunda jinsi keki ya matofaa inavyopikwa, huenda atakucheka. Walakini, msomaji wangu, upande wa magharibi wa mji, katika Kangemi, Kawangware na Dagoretti, wamepata kuishi wazee wengi walioipika keki ya namna hiyo mara nyingi kuliko walivyoila. Waliipika katika majumba ya Lavington, Kileleshwa na Karen, kisha jioni wakarudi kwao kula ugali na sukuma wiki. Wengi wa wazee hao wamekwisha kufa. Nataka tuulize pamoja: upishi wa mtu kama huyo ukipotea, autafutaye aende wapi?

Nilifikiwa na swali hili na mama mmoja wa Kangemi, ambaye mwanawe ni mwanafunzi wangu. Marehemu baba yake alikuwa mpishi katika nyumba moja ya Lavington tangu mwaka 1957 hata mwaka 1971, waajiri wake walipohama kurudi Uingereza. Siku za sikukuu alikuwa akiwaletea watoto wake vipande vya keki ya matofaa vilivyofungwa katika karatasi ya siagi. "Mwalimu," aliniambia, "wewe unafundisha mambo ya kale. Mama yangu amezeeka sana, nami nataka aionje keki ile tena kabla hajafumba macho. Nitaipata wapi?"

Mtafutaji yeyote wa mambo ya kale hana budi kuanza na neno lenyewe. Tofaa ni neno lililotoka katika Kiarabu. Huko pwani watu walilitumia kwa tunda jingine kabisa, laini, lenye maji mengi, ambalo mti wake hudondosha maua ya rangi ya waridi hata ardhi ikaonekana kama imetandikwa busati. Tofaa la Ulaya lilikuja katika nyanda za juu pamoja na walowezi. Mti wake hutaka majira ya baridi ili upumzike na kupukutisha majani. Mahali pasipo baridi ya kutosha mkulima huyang'oa majani kwa mkono, na mti hudanganyika ukachanua. Basi mtu akisema tofaa, yafaa kwanza tujue amekulia wapi.

Jambo la pili ni nyumba. Hakuna keki moja tu ya matofaa duniani. Waingereza huchanganya vipande vya tunda ndani ya kinyunga cha ngano, siagi na mayai. Wajerumani hupenda kuvipanga juu ya kinyunga kwa mistari mizuri, na kwa njia hiyo huenda keki ikafika Nairobi pamoja na Wayahudi waliokimbia mateso ya Ujerumani katika miaka ya 1930. Keki ya matofaa ya Wadenmarki wa zamani haiokwi hata kidogo: ni matofaa yaliyopondwa, chenga za mkate zilizokaangwa kwa sukari, na malai juu yake, tabaka juu ya tabaka. Baba wa mama yetu alifanya kazi kwa Waingereza, na vipande alivyoleta vilikatwa kwa kisu. Kwa hiyo tuliziacha zile mbili nyingine.

Baada ya hapo ndipo tulipoviendea vitabu. Mwaka 1928 chama cha wanawake wa kanisa la St Andrew's, la Waskoti wa Nairobi, kilitoa kitabu cha mapishi na cha mambo ya nyumbani kwa walowezi wa Kenya. Kitabu hicho kilipendwa, kikachapishwa tena mara nyingi katika miaka iliyofuata. Mtu akitaka kujua chakula kilichokuwa mezani katika majumba ya Nairobi zamani hizo, hicho ni shahidi mwema. Lakini angalia mambo yalivyokuwa: kitabu kiliandikwa kwa ajili ya memsabu aliyetoa amri, na mtu aliyesimama mbele ya jiko la kuni mara nyingi hakujua kusoma. Na hata angalijua, asingeweza kwenda kujiongezea elimu katika maktaba ya McMillan iliyofunguliwa katikati ya mji mwaka 1931, kwa kuwa kwa miaka mingi Waafrika hawakuruhusiwa kusoma humo.

Yule mama alinunua kitabu kikuukuu cha mapishi ya Kiingereza kwa wauza vitabu wa barabarani, akafuata maneno yake neno kwa neno. Keki iliumuka vizuri, ikapasuka juu, kisha ikazama katikati kama shimo la mvua. Ilikuwa tamu, walakini mama yake mzee alionja kidogo akasema kwamba hii ni ya kitabu.

Alisema kweli, na sababu yake ni ya kisayansi. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,700. Huko hewa ni nyepesi, na maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 95, hali huko Mombasa huchemka kwa nyuzi 100. Poda ya kuumulia keki hutoa hewa yake. Na kwa kuwa hewa ya nje haiigandamizi sana, ile ya ndani hutanuka kupita kiasi, ikaiinua keki kabla kuta zake hazijawa imara. Halafu keki huanguka. Upishi ulioandikwa London au Edinburgh hauna budi kurekebishwa na mkono wa mtu anayepika Nairobi. Mwenye nyumba aliandika upishi wa kwao. Mpishi akaurekebisha siku kwa siku, kwa macho na kwa pua. Kilichopotea Lavington ni masahihisho hayo.

Kwa nini hayakuandikwa? Tangu siku zilizofuata Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika katika Kenya alilazimishwa kuchukua kipande, mara nyingi katika kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni. Humo yaliandikwa jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, mwajiri wake na mshahara wake. Serikali iliyotaka kujua mengi hivyo juu ya mpishi haikuuliza anajua kupika nini. Tena mwezi wa Aprili mwaka 1954, katika msako mkubwa ulioitwa Anvil, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa mjini Nairobi na kupelekwa vizuizini. Fikiri, msomaji, ni majiko mangapi yaliyopoa wiki ile, na ni mambo mangapi yaliyoondoka pamoja na watu wale ndani ya malori.

Yuko mpishi mmoja ambaye sifa yake haikupotea. Ni Kamante Gatura, aliyepika katika nyumba ya Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyelima kahawa karibu na vilima vya Ngong hata mwaka 1931. Nyumba hiyo leo ni jumba la makumbusho. Kamante alipokuwa mtoto alitibiwa vidonda vya miguu katika misheni ya Waskoti huko Kikuyu, kisha akawa mpishi hodari hata akamwandalia karamu mwana wa mfalme wa Uingereza mwaka 1928. Alipewa mashine ya kupigia mayai, akaiacha ipate kutu, akayapiga mayai kwa kisu cha kupalilia nyasi. Hakuwa akisoma. Alivikumbuka vyakula kwa mambo yaliyotokea siku alipofundishwa: mchuzi mmoja aliuita kwa radi iliyopiga mti, mwingine kwa kifo cha farasi wa kijivu. Tunayajua haya kwa kuwa Blixen aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1937, na Kamante mwenyewe akasimulia habari zake katika kitabu kilichotolewa mwaka 1975.

Nilipokumbuka habari hiyo nilimshauri yule mama aache kumwuliza mamaye vipimo. Bibi kizee alikuwa amekwisha kuulizwa mara nyingi unga ulikuwa kiasi gani, naye hujibu, "Wa kutosha." Badala yake aulizwe juu ya siku.

Basi aliulizwa: keki ya kwanza kuiona ilikuwa lini? Bibi alijibu papo hapo kwamba ni mwaka wa mafuriko, yaani mwisho wa mwaka 1961, wakati mvua ilipokata njia, mumewe akashindwa kurudi nyumbani siku mbili. Aliporudi alikuwa na keki nzima, kwa sababu wageni wa memsabu nao walishindwa kufika. Walikaa wawili usiku wakaila, naye mume akamweleza jinsi alivyoishinda. Matofaa huyakata, huyanyunyizia sukari, na kuyaacha yatoke maji. Kijiko cha poda hukikwangua kwa kisu, kisha hurudisha kidogo koponi. Huongeza yai moja juu ya yale aliyoambiwa. Memsabu hakupata kuambiwa.

Bintiye aliyaandika yote katika daftari ya shule. Jumapili iliyofuata keki haikuzama. Jambo moja tu halijaamuliwa mpaka sasa: bibi anashikilia kwamba ndani yake mlikuwa na iliki, na bintiye anakumbuka mdalasini.