Nyuropathia: moto wa vidoleni usio na joto

Nyuropathia ya pembezoni ni kuharibika kwa neva zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo. Kiswahili chake ni maradhi ya neva za pembezoni, ingawa mgonjwa wa Temeke au Mwananyamala, jijini Dar es Salaam, husema tu kwamba miguu inamwaka moto. Wengine husema "mishipa", neno lenye utata, kwa kuwa hubeba pia mishipa ya damu na, huko Pwani, hata busha. Afadhali neva.

Mara nyingi vidole vya miguu hiyo vikishikwa havina joto lolote. Neva nyembamba za kupokea joto na maumivu zimeharibika, nazo hutuma taarifa za moto usiokuwapo. Vidole vya miguu hutangulia kwa sababu neva zake ndizo ndefu kuliko zote, karibu mita moja kutoka kiunoni. Kwa kawaida miguu yote miwili huanza pamoja, na usiku huwa mbaya zaidi.

Kisukari ndicho chanzo cha kushukiwa kwanza. VVU navyo hudhuru neva, na stavudini, iliyotumika sana kufubaza virusi hivyo, ilizidhuru zaidi, hadi Shirika la Afya Duniani liliposhauri mwaka 2009 iondolewe hatua kwa hatua. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, huvuruga vitamini B6, ndiyo maana huambatanishwa na piridoksini, yaani vitamini hiyo hiyo. Pombe ya miaka mingi nayo ni chanzo, pamoja na upungufu wa vitamini B1 na B12. Kuanzia mwaka 1988 Dar es Salaam ilishuhudia vijana wakififia uoni kwa kuharibika neva za macho, na baadhi yao miguu iliwaka pia. Uchunguzi wa baadaye ulihusisha maradhi hayo na upungufu wa foleti, vitamini nyingine ya kundi B.

Kidole gumba kimoja kilichovimba, chekundu na chenye joto la kweli, ni habari nyingine: jongo au usaha. Muwasho katikati ya vidole huwa ni fangasi.

Moto ukizimika bila tiba si lazima iwe nafuu. Huenda ganzi imeingia. Madaktari wa Dar es Salaam wameandika kuhusu wagonjwa wa kisukari waliong'atwa miguu na panya usingizini bila kuhisi. Kliniki hupima kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10 ukigusishwa unyayoni. Asiyeuhisi huhesabiwa kuwa katika hatari ya kuumia bila kujua, hata kama halalamiki chochote.