Njia ya Nyumbani Hupitia Uholanzi

Kiswahili hakina neno tulivu la mtu unayeishi naye bila ndoa. Tuna mchumba, tuna hawara, tuna "wanaishi kinyumba", na kila moja lina hukumu ya anayelitamka. Siku hizi tunasema mwenza. Mahakama ya Haki ya Ulaya, kule Luxembourg, imehangaika na mtu huyohuyo kwa zaidi ya miaka 30, na jibu lake limeamua nani alale nyumba moja na mpenzi wake na nani ampigie simu ng'ambo.

Wa kwanza alikuwa Ann Florence Reed, Mwingereza aliyehamia Uholanzi mwaka 1981. Mwenza wake, Mwingereza pia, alikuwa na kazi huko. Yeye hakuwa nayo. Sheria ya Ulaya ilimruhusu mfanyakazi kuishi na mke wake. Mwaka 1986 Mahakama ilikataa kunyoosha neno "mke" limfikie Reed. Lakini Uholanzi iliwaruhusu raia wake kuishi na wenza wa kigeni wasiofunga nao ndoa, kwa hiyo haikuweza kumnyima mfanyakazi Mwingereza nafuu hiyo. Reed alipita kwa mlango wa uani.

Kurudi kwenu na mgeni ni habari nyingine. Ukiwa nchini mwako unatawaliwa na sheria ya nchi yako, na Ulaya haikuhusu. Hapo ndipo alipoingia Surinder Singh, Mhindi aliyemwoa Mwingereza mwaka 1982. Walifanya kazi Ujerumani kuanzia 1983 hadi 1985, kisha wakarudi Uingereza kuanzisha biashara. Serikali ilidai kwamba mke amerudi kwao tu, hivyo mumewe afuate sheria za Uingereza. Mwaka 1992 Mahakama ilijibu kwa hoja ninayoiona nzuri kuliko zote katika historia hii: nani atathubutu kwenda kufanya kazi ng'ambo akijua kwamba siku ya kurudi atamwacha mumewe mpakani? Ajabu ni kwamba ndoa yenyewe ilikuwa imeshavunjika kabla ya hukumu.

Singh alikuwa na cheti, lakini. Wasio na cheti walitajwa waziwazi mwaka 2004, katika Agizo namba 38, na humo wakawekwa daraja la pili. Mume au mke ana haki ya kuingia. Mwenza wa "uhusiano wa kudumu" uliothibitishwa ana ahadi tu: nchi *itarahisisha* kuingia kwake. Tena Agizo lilimzungumzia raia aliye katika nchi nyingine, si yule anayerudi kwao.

Pengo hilo lilimnasa Rozanne Banger wa Afrika Kusini. Alianza kuishi na mwenza wake Mwingereza huko Afrika Kusini mwaka 2008. Mwaka 2010 mwanamume akapata kazi Uholanzi, wakahamia wote, naye Banger akapewa kibali cha ukaazi. Walipohamia Uingereza mwaka 2013 alinyimwa kibali, kwa sababu hawakuwa wamefunga ndoa. Uholanzi iliwatambua, nchi ya mwanamume mwenyewe haikuwatambua. Julai 2018 Mahakama iliichukua hoja ya Singh ikampa yeye: mwenza anayerudi na raia naye arahisishiwe, hali yake ichunguzwe kwa kina, akikataliwa aelezwe sababu, na awe na pa kukata rufaa. Haikumpa haki ya moja kwa moja. Mapenzi yaliendelea kuwa faili la kukaguliwa.

Wakati huohuo njia ya Singh ilikuwa imeshageuka barabara kuu. Tangu 2012 Mwingereza aliyetaka kumleta mke au mume wa kigeni alipaswa kuwa na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka, na waliopungukiwa walikwenda kuishi na kufanya kazi Ireland kwanza. Serikali nayo ikaanza kuuliza kama kweli walikuwa wamehamishia "kitovu cha maisha" yao huko. Mahakama yenyewe ilishasema mwaka 2014 kwamba wikiendi na likizo, hata ukizijumlisha, hazihesabiki kuwa umeishi ng'ambo.

Kwa Waingereza barabara hiyo ilianza kufungwa tarehe 31 Desemba 2020, kipindi cha mpito cha kutoka Umoja wa Ulaya kilipomalizika. Ushindi wa Banger haukuwa na miaka 3. Kwa Mfaransa au Mjerumani bado ipo. Ila asiyewahi kuishi nje ya nchi yake, mwenye mwenza Nairobi au Manila, hawezi kuidai. Inabidi kwanza ahame.