Kiti cha Enzi na Uzi Wake



Kila inapotajwa khabari ya kiti cha enzi, mazungumzo huishia pale pale: kimetoka wapi? Mmoja atasema asili yake ni Wareno. Wa pili atakutajia Misri ya Mamluki, wa tatu atakwambia ni India, na wa nne, ambaye kwa kawaida ni mtu wa Lamu, atakasirika na kusema ni chetu, basi, mjadala umefungwa. Mie sina ugomvi na yeyote kati yao. Ninalotaka kusema leo ni dogo zaidi: wote hao wanatazama mti na pembe, na uzi wameuacha.

Kwa vijana waliozaliwa huku ughaibuni na hawajakiona kiti chenyewe, niseme kidogo. Ni kiti kikubwa cha mti mweusi, mpingo kwa vile vya fahari, mgongo wima, mikono mipana, na chini kina kibao cha kuwekea miguu. Kimepambwa kwa vipande vya pembe ya ndovu au mfupa. Vilikuwa katika majumba ya wakubwa wa Pate, Siyu, Lamu, Mombasa na Unguja, na vingi vinavyojulikana ni vya karne ya 18 na 19. Si kiti cha kukaliwa ovyo. Hutolewa anapokuja mgeni wa heshima, au siku ya harusi. Aliyeviandika kwa upana ni James de Vere Allen, aliyewahi kuwa msimamizi wa makumbusho ya Lamu, katika jarida la African Arts mwaka 1989.

Sasa kitazame tena. Mahali pa kukalia na mgongoni hapana ubao. Pana uzi wa pamba mwembamba, umepitishwa katika matundu madogo yaliyotobolewa kwenye fremu, ukavutwa, ukapishanishwa, mpaka ukafanya maumbo kama ya mkeka mzuri, lakini yenye kupitisha upepo. Ukiuondoa huo uzi umebakiwa na fremu tu, huwezi kukaa. Mti wa mpingo utaishi miaka 200 bila ya shida. Uzi hauishi hivyo. Unakalika, unalegea, unaoza kwa unyevu wa pwani, panya naye ana hamu zake. Kwa hiyo kila kiti cha enzi kilichofika kwetu kizima kimepita katika mikono ya fundi wa uzi, pengine mara nyingi, na huyo fundi hatumsikii popote.

Kazi yenyewe Kiswahili kinaiita kuwamba. Wengi wetu kitenzi hiki tunakijua kwa ngoma, maana ngoma huwambwa ngozi. Lakini zamani mtu akisema anawamba, ulimuuliza anawamba nini, kwa sababu vitanda vilivyowambwa kamba vilikuwa katika kila nyumba. Kitanda kile kina msamiati wake: tendegu ni mguu wake, mfumbati ni mti wa ubavuni, kitakizo ni mti wa kichwani au miguuni. Yote hayo yamo katika kamusi ya Johnson ya 1939. Mwambie leo kijana wa mjini "shika mfumbati" uone, atadhani umemtukana.

Na kamba nayo ina historia yake. Kule Unguja kina mama hufukia makumbi ya nazi ufukweni, ndani ya mchanga uliolowa maji ya bahari, wakayaacha miezi, kisha wakayafukua, wakayaponda kwa rungu mpaka zikatoka nyuzi za usumba, wakasokota kamba. Kazi ya mikono iliyochubuka na harufu isiyosahaulika. Kamba ikifika nyumbani, anakuja mtu wa kuwamba, anaivuta kutoka mfumbati hadi mfumbati. Ikilegea, inakazwa. Wakiingia kunguni, kitanda kinatolewa nje juani, kinamiminiwa maji ya moto, kunguni hana pa kujificha. Hebu ufanyie hivyo godoro la pamba!

Mtu ataniuliza, kitanda cha maskini na kiti cha wakubwa wapi na wapi? Mimi nasema fikra ni moja. Fremu ya kudumu, kamba ya kubadilishwa, na mtu mtaani anayejua kuibadilisha. Aliyekaa juu ya kiti cha enzi na aliyelala juu ya kitanda cha kamba walikuwa wanabebwa na ujuzi wa aina moja, tofauti ni unene wa uzi na ustadi wa macho.

Nimekaa Uingereza zaidi ya miaka 25, na huku nimeiona khabari hii kwa upande wa pili. Wenyewe walianza kupenda viti vya henzerani katika karne ya 17. Henzerani ililetwa na merikebu kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, ikachanwa mikanda myembamba, ikasukwa ndani ya matundu ya fremu. Mwishoni mwa miaka ya 1680 wafanyabiashara wa sufu walilalamika kwamba viti hivi vinawaharibia soko, kwani watu hawanunui tena vitambaa vya kuvikia viti. Mafundi wa henzerani wakajibu kwa maandishi: viti vyetu vilianza hapa karibu na mwaka 1664, watu wamevipenda kwa sababu vinadumu, ni vyepesi, na havikai vumbi wala wadudu. Yaani hoja ya kunguni, ile ile ya bibi zetu!

Mtindo uliokuja kuzoeleka Ulaya ni wa njia sita: mara mbili wima, mara mbili mlalo, mara mbili mshazari, na kati yake yanabaki matundu ya pembe nane. Mwaka 1859 Thonet wa Vienna akatoa kile kiti chake nambari 14, cha mti uliopindwa kwa mvuke, na kalio lake la henzerani likaenea duniani pamoja nacho. Katika karne hiyo hiyo ikapatikana mashine ya kusuka henzerani kama kitambaa. Fundi anakata kipande, anakibana kwenye mfereji wa fremu, kazi imekwisha. Na ukarabati wa mkono haukufa, maana shule za vipofu Uingereza na Marekani ziliufundisha, kwa kuwa kidole kinaweza kuhesabu matundu bila ya jicho.

Kilichonigusa zaidi ni hiki. Katika miaka ya 1790 mchoraji Francis Wheatley alipochora wachuuzi wa mitaa ya London, alimtia mtengenezaji wa viti vikuukuu. Mtu fukara, wa barabarani. Kapata nafasi yake katika picha inayouzwa mpaka leo. Fundi wetu aliyewamba kiti cha enzi, kiti cha juu kabisa kuliko vyote pwani, hana hata mstari mmoja.

Si jambo la wivu. Ni la ushahidi. Wanaakiolojia wamefukua Kilwa vigurudumu vingi vya kusokotea pamba, vilivyochongwa kutokana na vigae vya vyungu, na Wareno walizisifu nguo za Pate. Pwani ilisokota pamba yake kwa karne nyingi. Halafu kuanzia miaka ya 1830 nguo za Marekani zikamiminika Unguja, na jina la merikani likabaki katika lugha yetu mpaka leo. Sasa uzi wa kiti cha mwaka 1800 umesokotwa wapi? Na uzi wa kiti cha 1880? Umesokotwa kwa mkono au kwa mashine? Mtaalamu akiwa na darubini na kipande cha urefu wa kidole anaweza kueleza mengi. Kwa mti na pembe pekee tutaendelea kubishana, Wareno au Misri, mpaka kiyama.

Lakini uzi ndio unaotupwa. Mwaka 1989, mwaka ule ule wa makala ya Allen, nchi wanachama wa CITES zilipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, na hapa Uingereza sheria ya pembe ya 2018, iliyoanza kutumika 2022, imebana hata biashara ya vitu vya kale. Ni sheria nzuri. Ila matokeo yake kila anayeuza au kukarabati kiti cha enzi huulizwa pembe ina umri gani, ni kiasi gani, ina karatasi gani. Uzi hauulizwi. Nimekiona kimoja katika mnada, pembe zake zimeandikwa moja moja, na mgongo umewambwa nailoni nyeupe inayong'aa kama kamba ya kuanikia nguo. Uzi wa zamani? Ulikuwa umechakaa, waliniambia, wakautupa.

Mafundi wa Lamu bado wanachonga viti hivi, kwa wageni na kwa mahoteli, na siwalaumu hata kidogo. Mtu anakula kwa kazi yake. Ujuzi upo. Basi ninaloliomba kwa wenye viti vya kale majumbani, na wako, nawajua, ni kwamba kabla hamjamwita fundi pigeni picha mbele na nyuma, hasa nyuma, maana mafundo yako huko na ndiyo yanayoonyesha mkono ulianzia wapi na ukamalizia wapi. Uzi mkuukuu msiutie pipani. Utieni katika bahasha ya karatasi, si ya plastiki, utaota ukungu. Juu yake andikeni kiti kimetoka nyumba gani, kimewambwa lini, na jina la aliyekiwamba mara ya mwisho, kama bado yuko mzee nyumbani anayelikumbuka.