Kutoka Masijala hadi Chuo Kikuu: Taaluma ya Habari katika Bonde la Ufa

Kabla taaluma ya habari haijapewa jina hilo na kuingizwa katika mitaala ya vyuo vikuu, kazi yenyewe ilikuwa ikifanywa masijalani. Neno masijala, ambalo lina udugu na sijili ya Kiarabu, lilitaja chumba. Lakini kwa hakika kilichotegemewa ni kumbukumbu ya karani, aliyejua jalada lipi limelazwa rafu ipi. Mji wa Nakuru ulikuwa na masijala za namna hiyo kwa wingi, kwani ndio uliokuwa makao makuu ya Mkoa wa Bonde la Ufa hadi mikoa ilipopisha kaunti mwaka 2013. Barua za walowezi, orodha za maskwota, mipaka ya mashamba: yote yaliwekwa katika majalada, na mara nyingi hayakupatikana kwingineko.

Si yote yaliyobaki nchini. Mwaka 2011, katika kesi iliyofunguliwa London na wazee waliopata mateso wakati wa Mau Mau, serikali ya Uingereza ilikiri kuwa ilikuwa imehifadhi huko Hanslope Park majalada yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37. Ya Kenya, yaliyoondolewa wakati wa kukaribia uhuru wa 1963, yalikuwa kama 1,500. Yaliyosalia yaliwekwa chini ya sheria ya mwaka 1965 iliyounda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, ambayo baadaye ilifungua kituo Nakuru pia.

Sheria ilikuwapo, lakini wataalamu walikuwa haba. Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilikuwa imeanzishwa Makerere mwaka 1963, nayo ilikusudiwa kuhudumia eneo zima. Hata hivyo, misukosuko ya Uganda katika miaka ya 1970, pamoja na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, iliifanya njia ya Kampala kuwa ngumu. Ndipo Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984 karibu na Eldoret, kwenye reli ile ile ipitayo Nakuru, kilipofungua Kitivo cha Sayansi za Habari mwaka 1988. Ukutubi, utunzaji wa nyaraka, uchapishaji wa vitabu na teknolojia ya habari vilikaa chini ya paa moja. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kuliko ulivyosifiwa. Mahali ambapo haki ya mtu juu ya ekari tano hutegemea karatasi moja, mkutubi asiyejua jalada hajahitimu.

Upungufu ulikuwa katika lugha. Mwanafunzi alifundishwa kwa Kiingereza, na chombo kikuu alichokabidhiwa ni mpango wa Dewey wa mwaka 1876. Katika mpango huo Kiingereza kina 420, Kijerumani 430, Kifaransa 440, na kadhalika hadi Kiyunani 480. Lugha zote nyingine za dunia zimesongamanishwa katika 490: za Afrika zimepewa 496, na Kiswahili, baada ya nukta, 496.392. Namba ndefu si tusi, ila mwenye kuiandika kila siku kwenye mgongo wa kitabu hufahamu iliwekwa na nani na kwa ajili ya nani.

Tatizo zito zaidi ni la ngeli. Faharasa ya Kiingereza hupangwa kwa mwanzo wa neno, na umoja na wingi hukaa jirani. Kwa Kiswahili, mwalimu na walimu hutengwa na nusu ya alfabeti. Watunga kamusi walilikabili jambo hili zamani: kamusi sanifu ya Johnson ya mwaka 1939 iliweka majina mengi chini ya vitenzi vilivyoyazaa, ilhali Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilifuata herufi ya kwanza ya umoja. Mjadala huo ulikuwa mali ya idara za lugha. Ungalifaa kuvuka ua na kuingia katika kitivo cha habari, kwa maana kompyuta imeurudisha upya.

Kebo za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, kazi ya kuhamisha majalada iliongezewa nguvu, na mwaka 2021 serikali ilizindua Ardhisasa, mfumo wa kidijitali wa kumbukumbu za ardhi, ikianzia Nairobi. Wahitimu wa taaluma hii sasa huitwa wasimamizi wa maudhui ya kidijitali. Lakini programu inayolinganisha herufi za mwanzo pekee, ikiulizwa shamba, haitaleta karatasi iliyoandikwa mashamba. Na jina la mzee lililoandikwa na karani mmoja kwa r na na mwingine kwa l huwa watu wawili. Karani wa masijala aliyeyajua haya bila kufundishwa amekwisha kustaafu, na jalada bado linatafutwa.