Daftari la Wazazi Katika Pwani ya Ruvuma

Kabla ya daftari la kwanza la hospitali kufunguliwa kusini mwa Tanganyika, habari za uzazi katika pwani ya Mikindani, Msimbati na mlango wa mto Ruvuma zilihifadhiwa vifuani mwa wakunga na makungwi, waliojua bila kuandika nani alizaa mwaka wa njaa, nani alizaa pacha, na nani alifariki kwa kutokwa na damu. Na elimu hiyo, ingawa ilikuwa adhimu, ilizikwa pamoja na mwenyewe, wala haikupata kujumlishwa na ya kijiji cha pili.

Kalamu ililetwa na misheni. UMCA, misheni ya Kianglikana, ilifika Masasi mwaka 1876, Wabenediktini wakaanzisha kituo cha Ndanda mwaka 1906, na tabibu Leader Stirling, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, alikuja nchi ya Masasi mwaka 1935 akafanya kazi Lulindi. Lakini hayo yote yalikuwa bara, mbali na wavuvi wa Msimbati. Zahanati zilienea vijijini baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na mpango wa afya ya mama na mtoto ulipoanza katika miaka ya 1970, mjamzito akapewa kadi ya kliniki. Kisha katika miaka ya 1990 ukaja MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, na vitabu vyake vyenye namba.

Kitabu cha 6 ni cha wajawazito, na cha 12 ni cha wodi ya wazazi. Ukikifunua hiki cha 12, kurasa zake mbili huenea meza nzima: jina la mama na kijiji chake, mimba ya ngapi, saa ya kujifungua, uzito wa mtoto, damu ilitoka au haikutoka, mama yu hai au amefariki. Muuguzi, ambaye aghalabu ndiye huyo huyo aliyezalisha usiku kucha, huzijaza safu hizo, na mwezi unapokwisha huhesabu mistari yake moja moja, akaandika majumlisho na kuyapeleka wilayani. Kwa miaka mingi majumlisho hayo yalipanda wilayani, mkoani na wizarani, wala hayakurejea kwa aliyeyaandika. Nami naona hiyo ndiyo dhuluma kubwa aliyotendewa muuguzi wa zahanati, maana mtu hatunzi kwa moyo hesabu asiyoonyeshwa faida yake.

Kwa hiyo jambo lililofanyika katika wilaya ya Tandahimba, mkoani Mtwara, kati ya mwaka 2011 na 2014 lastahili kukumbukwa. Katika EQUIP, mradi wa kuboresha huduma za uzazi uliosimamiwa na Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na wenzake, takwimu za wilaya zilirudishwa kwa wahudumu na kwa wanavijiji wa kujitolea, wakakaa wakazisoma, wakauliza kwa nini akina mama wanakwenda kujifungua bila vifaa, na kwa nini si kila mzazi anayechomwa sindano ya kuzuia damu mara mtoto anapotoka. Na katika mambo hayo mawili Tandahimba iliendelea kuliko wilaya jirani ya Newala iliyolinganishwa nayo.

Hesabu ya taifa haikuweza kuifanya kazi hiyo. Vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi, 454 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2010, 556 katika utafiti wa mwaka 2015-16, na 104 katika ule wa mwaka 2022, vimepatikana kwa kuwauliza watu habari za dada zao, na idadi ya namna hiyo huieleza nchi nzima, haiwezi kuipambanua Tandahimba na Newala.

Tangu mwaka 2013 majumlisho huingizwa katika kompyuta kwa mfumo wa DHIS2, na wilaya huyaona upesi. Hata hivyo mama wa Msimbati akijifungua Ligula, hospitali ya mjini Mtwara, huhesabiwa huko, ilhali idadi ya wazazi wanaotarajiwa kijijini kwake hukisiwa kutokana na sensa. Hivyo zahanati ya mwambao huonekana imewakosa wazazi, kumbe wamezalia salama mjini, na mpaka daftari la kijiji na la hospitali yalinganishwe jina kwa jina, mganga wa wilaya hatajua ni yupi aliyekwenda Ligula na ni yupi aliyebaki nyumbani.