Waridi la Veranda za Karatu

Rangi ambayo vijana wa mjini huiita pinki, Kiswahili chetu huiita rangi ya waridi, kana kwamba duniani hakuna waridi jeupe wala jekundu. Nadhani sababu ipo. Neno waridi ni la Kiarabu, na kule Jebel Akhdar, milima ya Oman, mawaridi yanayochemshwa ili mvuke wake utoe marashi ni ya pinki. Mtu wa pwani alilijua ua hili kwa harufu kabla mlowezi yeyote hajapanda kahawa Karatu.

Nalisema hili kwa sababu mgeni anayepita Karatu kwenda Ngorongoro, akiona waridi la pinki limetambaa kwenye nguzo za veranda, huambiwa kuwa hilo ni ua la Wazungu. Ni nusu ya habari.

Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika mwaka 1925, na baadhi yao wakafyeka miteremko ya Oldeani na Karatu wakapanda kahawa. Vita vya 1939 vilipoanza, Waingereza wakazishika mali zao. Shamba moja kati ya hayo lilinunuliwa na James Gibb mwaka 1948, na tangu 1972 linapokea watalii; bustani yake inajulikana mbali.

Miaka hiyo hiyo ya walowezi, huko Marekani, lilitokea waridi lipandalo liitwalo New Dawn, la pinki hafifu. Mzazi wake lilichanua mara moja tu kwa mwaka. Hili huchanua tena na tena. Mwaka 1931 likapewa hataza namba 1 ya mimea nchini humo, yaani ua likawa na mwenyewe kisheria kwa miaka 17. Hebu fikiria! Na tabia hiyo ya kurudia kuchanua, mawaridi ya bustani za Ulaya na Marekani yaliipata kwa mawaridi ya Uchina, yaliyofikishwa Ulaya katika karne ya 18.

Sasa, waridi lipandalo halipandi lenyewe. Halina vikono vya kujishikiza kama mpesheni. Huegemea kwa miiba yake, na mtu lazima alifunge. Shina likifungwa wima huchanua kileleni tu. Likilazwa, kila jicho hutoa tawi la maua. Karatu, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hakuna theluji ya kulilaza usingizi, basi huendelea kukua, na lisipopogolewa huwa kichaka. Mvua ikizidi, majani hupata madoa meusi. Hiyo ni kazi ya kila wiki, na katika mashamba ya walowezi waliotumwa kazi za namna hiyo ni vibarua, Wairaqw na wengine, ambao majina yao hayakuandikwa kwenye kibao chochote.

Lakini kibarua alikuwa na kisu. Kijiti cha urefu wa kalamu, kikichomekwa kwenye udongo wenye unyevu, huota mizizi. Sheria yetu ya mwaka 2012 inalinda wagunduzi wa aina mpya za mimea. Waridi la zamani halina mwenyewe tena, kila mtu akate.

Akate, ila asivuke geti la Lodoare. Ng'ambo ya geti ni hifadhi tangu 1959, na mimea ya kigeni iliyotoroka bustanini, mathalani lantana, ni tatizo huko. Ndani ya kreta yamebaki magofu ya nyumba ya Adolf Siedentopf, Mjerumani aliyelima humo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wamaasai wa Ngorongoro, wao, walikatazwa kilimo mwaka 1975, wakaruhusiwa 1992, wakakatazwa tena 2009. Upande mmoja wa geti mtu anamwagilia ua la veranda. Upande wa pili mama haruhusiwi kupanda mstari wa mahindi nyuma ya boma.