Kipimo cha Nyumba na Mipaka ya Mji

Katika zama za Waingereza, Dar es Salaam iligawanywa mapande matatu: Uzunguni, Uhindini na Kariakoo. Sheria ya ujenzi haikutaja rangi ya mtu. Ilitaja namna ya nyumba tu. Lakini asiyekuwa na fedha za kujengea mawe alikwisha kuonyeshwa mahali pake, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukawa mpaka.

Baada ya Uhuru mipaka ile iliondolewa, bali kipimo cha nyumba kilibaki juu ya uwezo wa wengi. Ramani kuu za mwaka 1949, 1968 na 1979 zilichorwa kwa ustadi. Watu nao walijijengea Manzese pasipo kuzingoja. Mwaka 1972 Serikali ilikata shauri kuitengeneza mitaa ya namna hiyo badala ya kuibomoa. Hata leo wenyeji walio wengi wanakaa nje ya ramani.